UZI: Daktari wa mtaa amehamia kampuni. Nani alimhamisha?

1/ Mjadala huu haukosi kurudi. Mmoja asema: "Madaktari wa serikali wapigwe marufuku kumiliki kliniki, ndio maana Makadara hupati daktari." Wa pili ajibu: "Waacheni watafute riziki, serikali yenyewe haiwalipi." Wa tatu aingilia: "Hata hizo kliniki zenyewe siku hizi zamezwa na makampuni." Wote watatu wana kipande cha ukweli, na wote watatu waanza hadithi katikati. Leo naianzia mwanzo.

2/ Sheria za uzi ni zile zile. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukitaja wewe kwenye majibu, shauri yako. Mimi nasomea siasa, sisomei udaktari, kwa hivyo usiniulize unywe dawa gani. Nafuata swali moja tu: nani anayelipa bili ya mgonjwa? Manake ukiifuata hiyo pesa kutoka enzi ya mkoloni hadi SHA, utaona kila mlipaji akibadilika, daktari naye ahama.

3/ Tuelewane kwanza kuhusu neno. Huku kwetu ng'ambo ya kisiwa (Likoni, Kisauni, Changamwe) kila aliyevaa koti jeupe ni "dokta". Ukweli ni kwamba kliniki nyingi za mtaani ni za matabibu, yaani maafisa wa kliniki, au za wauguzi. Matabibu walipata sheria yao mwaka 1988, na ndiyo iliyowafungulia njia ya kuwa na kliniki binafsi. Nikisema "daktari" kwenye uzi huu namaanisha yule aliyesajiliwa na baraza la madaktari, ambaye leo ni KMPDC. Matabibu nitawataja kwa jina lao.

4/ Huyo daktari ana njia tatu. Aajiriwe na serikali. Afungue kliniki yake. Au aajiriwe na kundi kubwa: hospitali yenye matawi, mtandao wa kliniki, kampuni ya bima yenye vituo vyake. Wengi huchanganya mbili kwa wakati mmoja. Hakuna njia hata moja hapo iliyokuja yenyewe. Kila moja ilifunguliwa kwa uamuzi wa kisiasa.

5/ Tuanze na ramani. Mombasa Hospital, ile iliyo karibu na Fort Jesus, yahesabu miaka yake kutoka 1891, na kwa muda mrefu ilikuwa hospitali ya Wazungu. Aga Khan ilifunguliwa 1944. Pandya ilitokana na jamii ya Wahindi. Makadara, ile Coast General, ikawa ya serikali. Sasa angalia: zote nne ziko kisiwani. Matibabu yalipangwa kwa rangi na kwa jamii, na yakawekwa walikoishi wenye pesa na wenye amri.

6/ Na wafanyakazi je? Walikuwa bandarini, relini, na ng'ambo. Hapo ndipo ulipompata daktari wa kwanza wa kuajiriwa na shirika kubwa. Waajiri wakubwa kama reli walikuwa na idara zao za matibabu, kwa sababu kibarua mgonjwa habebi mzigo. Kwa hivyo anayesema "daktari wa kampuni ni mambo ya juzi" akumbuke kwamba kwa mji kama wetu, daktari wa kampuni alikuja mapema kuliko daktari wa mtaa.

7/ Daktari wa kujitegemea naye ana historia yake. Nairobi, mwaka 1900, alifika Mgoa mmoja, Dkt. Rozendo Ribeiro, akaanza kutibu watu akiwa kwenye hema. Ndiye yule wa picha maarufu aliyepanda punda milia kwenda kwa wagonjwa. Mwaka 1902 aliripoti tauni kwenye bazari ya Wahindi, na serikali ikaichoma bazari hiyo. Nalitaja hili kwa sababu moja: aliyegundua hatari ya umma alikuwa daktari binafsi, kwani ndiye aliyekuwa anaishi na wagonjwa wake. Hiyo nukta ishike, tutairudia.

8/ Waafrika waliosomea udaktari Makerere walirudi wakakuta wameajiriwa kama wasaidizi, chini ya Mzungu, kwa mshahara mdogo, hata kama kazi ni ile ile. Kwa kizazi hicho, kufungua kliniki yako ilikuwa heshima na uhuru kabla ya kuwa tamaa ya pesa. Daktari mwenye mlango wake haambiwi "boy" na mtu. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini chama cha madaktari cha miaka mingi baadaye hakikukubali kirahisi kunyang'anywa haki ya kliniki binafsi.

9/ Uhuru 1963. Mwaka 1965 serikali yaondoa ada kwa wagonjwa wa nje. Mwaka 1966 yaundwa NHIF. Mwaka 1967 Nairobi yapata shule yake ya udaktari. Miaka mitatu, maamuzi matatu makubwa. Mlipaji sasa ni serikali, na daktari mpya aenda serikalini. Hii ndiyo enzi ambayo wazee wetu waisifu wakisema "zamani hospitali ilikuwa bure".

10/ Lakini ndani ya NHIF kulikuwa na jambo dogo lililokuja kuwa kubwa. Kwa karibu miaka hamsini, NHIF ililipia hasa mgonjwa aliyelazwa. Mgonjwa wa nje alijilipia. Matibabu ya nje kwa wanachama wote yalikuja 2015, pamoja na viwango vipya vya michango vya kuanzia shilingi 150 hadi 1,700 kwa mwezi.

11/ Hebu fikiria maana yake. Bima yalipa kitanda. Mwenye vitanda ni nani? Hospitali. Daktari mwenye chumba kimoja pale Mtongwe au Magogoni hana kitanda, kwa hivyo pesa ya bima haimfikii. Yeye aishi kwa pesa taslimu ya mtu aliyeamka na homa. Hapo sheria haikumpiga marufuku kabisa. Ilimuacha tu nje ya bomba la pesa. Siasa nyingi hufanyika hivyo: hukatazwi, unasahauliwa.

12/ Twende 1971. Tume ya kuchunguza mishahara na muundo wa utumishi wa umma, ile yajulikana kama Ripoti ya Ndegwa, ilikubali watumishi wa serikali wafanye biashara pembeni. Mwalimu akafungua duka, afisa akanunua matatu, daktari akafungua kliniki. Hapa ndipo mzizi wa lalamiko letu la leo. Ile "asubuhi yuko wodini, jioni yuko kliniki kwake" haikuanzishwa na daktari mkora. Ilipitishwa rasmi kwenye karatasi ya serikali.

13/ Serikali ilipata nini? Ilipata kumlipa daktari mshahara mdogo bila yeye kuhama. Kliniki ya jioni ilikuwa nyongeza ya mshahara inayolipwa na mgonjwa badala ya hazina. Hayo ni maafikiano, hata kama hakuna aliyeyatangaza kwenye mkutano wa hadhara. Kwa hivyo anayetaka kuyavunja leo lazima aseme pia: ile tofauti ya mshahara sasa atailipa nani?

14/ Majirani zetu walijaribu njia nyengine. Vuka Lunga Lunga. Tanzania, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, ilipitisha sheria ya 1977 iliyopiga marufuku hospitali na kliniki za kibinafsi za kutafuta faida. Za mashirika ya dini zilibaki. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa na kliniki binafsi zikaruhusiwa tena. Kwa hivyo wanaosema "tupige marufuku tu" wana mfano hai wa kusoma, na walio upande wa pili pia. Marufuku ilidumu kama miaka kumi na minne, kisha serikali yenyewe ikaona haiwezi kubeba mzigo peke yake.

15/ Kenya nayo ilibeba mpaka ikachoka. Desemba 1989, katika zile sera za marekebisho ya uchumi, wagonjwa wakaanza kuchangia gharama kwenye hospitali za umma. Ada zikasitishwa 1990 kwa sababu ya kelele, kisha zikarudishwa polepole. Mlipaji akawa tena mfuko wa mgonjwa. Na kama kote ni kulipa, mtu asema: bora nilipe kwa dokta wa hapa karibu nisipoteze siku nzima kwenye foleni. Miaka ya tisini ndiyo enzi ya kliniki ya mtaa. Chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, pazia la kijani, benchi, na chupa ya spiriti.

16/ Mwaka 1994 madaktari wa serikali waligoma siku 105. Dai lao kubwa: wasajiliwe kuwa chama cha wafanyakazi. Serikali ilikataa. Walifutwa, wakatishwa, wengine wakahama nchi, wengine wakaenda binafsi moja kwa moja. KMPDU ilisajiliwa 2011. Miaka 17 baadaye! Ukimnyima mtu sauti kazini, miguu yake ndiyo itakayopiga kura.

17/ Wakati huo huo mlipaji wa nne alikuwa anakua: mwajiri mwenye bima. AAR ilianza 1984 kwa huduma ya uokoaji, baadaye ikawa na kliniki na bima. Wengine wakafuata. Benki, hoteli, kampuni za mizigo zikaanza kuwapa wafanyakazi kadi. Mwenye kadi haendi popote. Aenda kwenye orodha. Na bima haitaki kukaa mezani na madaktari mia mbili wa chumba kimoja kimoja. Yataka mtu mmoja mwenye vituo kumi, bei moja na mfumo mmoja wa kutuma bili. Hapo ndipo kundi kubwa lilipozaliwa.

18/ Angalia sasa kundi linafungua wapi. Linafuata kadi. Kadi ziko Nyali kuliko Shika Adabu. Changamwe ilikuwa na kadi zake kwa sababu ya viwanda, bandari na kile kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi 1963. Kiwanda kikaacha kusafisha mafuta 2013. Kisha kuanzia 2018 mizigo ikaanza kusukumwa kwa reli mpya hadi Nairobi, na mwajua wenyewe maandamano yaliyofuata. Mwajiri akiondoka, anaondoka na kadi. Kwa hivyo sera ya reli ikawa sera ya afya, na hakuna aliyeitaja hivyo bungeni.

19/ Isiwe nimeonea makundi. Ng'ambo pia kuna vituo vikubwa vilivyofuata watu badala ya kadi. Bomu Hospital ya Changamwe ilitokana na Mkomani Clinic Society, shirika lisilo la faida, na ina tawi Likoni. Kundi kubwa si lazima liwe kampuni ya wawekezaji. Swali ni lile lile: nani ndiye bosi wa mwisho, na bosi huyo ahesabu nini mwisho wa mwezi?

20/ Manake kuna makundi na makundi. Katika miaka ya 2010 mfuko mmoja wa uwekezaji wa Dubai, Abraaj, ulikusanya karibu dola bilioni 1 za kuwekeza kwenye hospitali za Afrika na Asia, Nairobi ikiwemo. Taasisi kubwa za maendeleo za dunia zilitia pesa humo. Mwaka 2018 Abraaj ikaanguka, na hospitali zikahamia kwa msimamizi mwengine wa uwekezaji, wa Marekani. Daktari wa Nairobi aliamka mwajiri wa mwajiri wake amefilisika katika mji ambao hajawahi kukanyaga.

21/ Februari 2020 zikavuja jumbe za WhatsApp za wasimamizi wa hospitali moja kubwa ya Nairobi. Walikuwa wakijadili shabaha za kila siku: wagonjwa wangapi wa nje wamegeuzwa kuwa wa kulazwa. Nchi nzima ilisoma. Rudi namba 10 sasa. Bima inalipa kitanda, mwekezaji anataka faida, msimamizi anatuma shabaha, na daktari aliyeajiriwa yuko katikati na kalamu yake. Hapo ndipo uhuru wa daktari unapogeuka kuwa jambo linalokuhusu wewe mgonjwa.

22/ Sasa tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Kliniki ya mtu mmoja si pepo. Hakuna wa kumsahihisha. Akiuguza mtoto wake, mlango umefungwa. Wengine huishi kwa kuuza sindano ambazo hukuzihitaji, kwa sababu ushauri mtupu haulipwi. Na kuna wale wanaomtoa mgonjwa hospitali ya umma na kumpeleka kliniki yao jioni. Huo ni mgongano wa maslahi, haufichiki. Kundi kubwa huleta maabara, zamu ya usiku, rekodi, mtaalamu wa jirani wa kumuuliza, likizo ya kulipwa. Daktari anayechagua kundi si msaliti. Amechoka, au ana mkopo.

23/ Nitawapa mfano wa nyumbani, bila majina. Nyanya yangu ana presha miaka mingi. Daktari wake alikuwa na kliniki mtaani kwetu, alijua hata wajukuu kwa majina, na mwezi mbaya aliandika deni kwenye daftari. Akafunga, akaenda kufanya kazi kwenye mtandao wa kliniki mjini. Nyanya sasa ahudumiwa kwenye kituo kizuri, chenye kiyoyozi. Nilimuuliza aonaje. Akasema: "Wazuri, mwanangu. Lakini kila mwezi ni mpya, na kila mwezi naanza kujieleza upya." Hayo ndiyo niliyosema mkaishike kwenye namba 7: daktari anayeishi na wagonjwa wake huona mambo ambayo faili haioni.

24/ Na kwa nini yule daktari alifunga? Kwa aliyonieleza mwenyewe, wagonjwa walikuwepo tele. Kilichomchosha ni leseni juu ya leseni, kodi ya chumba, na bili za bima zinazokaa miezi bila kulipwa huku mwenye nyumba na muuza dawa wanataka zao tarehe moja. Alisema: "Mimi nilisomea kutibu, nikawa mdai madeni."

25/ Hii yatuleta kwenye ugatuzi na SHA. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilizipa kaunti vituo vya afya, na hospitali za rufaa za kitaifa zikabaki kwa serikali kuu. Mwaka 2013 daktari wa Port Reitz na wa Likoni akaamka mwajiri wake ni kaunti. Mkataba wa mishahara uliosainiwa mwaka huo huo haukutekelezwa, ukaleta mgomo wa siku 100, kutoka 5 Desemba 2016 hadi 14 Machi 2017. Mwaka 2024 tena, siku 56. Mwajiri wawili, na kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

26/ Mgomo wa 2024 ulikuwa na jambo la vijana wa rika langu: madaktari wanagenzi. Mkataba ulisema shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema 70,000. Jiweke mahali pa mtu wa miaka 25, amesoma miaka sita, amepangiwa kazi mwaka mmoja baada ya kusubiri, kisha anaambiwa hakuna nafasi ya kudumu. Huyu hana mtaji wa kliniki. Njia ya serikali imefungwa kwa ndani. Anachukua zamu za lokamu kwenye makundi makubwa, usiku huu hapa, kesho kule. Kwa hivyo tukisema "madaktari vijana wanapenda makampuni", tuulize kwanza waliachiwa milango mingapi.

27/ Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, SHA ikaingia. Mwenye mshahara akatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwenye karatasi kuna hazina ya huduma za msingi inayoweza kumlipa daktari wa mtaa kwa kumtibu mgonjwa wa nje. Bomba la pesa lingeweza kumfikia yule wa chumba kimoja. Hili ni jambo kubwa, na nasema hivyo hata kama una hasira na SHA.

28/ Tatizo ni muda. Madeni ya NHIF yalibaki. Februari 2025 chama cha hospitali binafsi za mijini na mashambani, RUPHA, kikatangaza wanachama wake kusitisha huduma za mkopo. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kwamba wanaodai shilingi milioni 10 kushuka chini walipwe zote, na wakubwa wakaguliwe kwanza. Tangazo lenyewe lathibitisha hoja yangu: deni dogo ndilo linaloua haraka. Kundi kubwa lina benki, lina wanasheria, lina matawi yanayopokea taslimu. Kliniki ya Mtopanga ina daftari.

29/ Kwa hivyo mlipaji anayechelewa ni sera pia. Ukichelewesha malipo miezi sita, hujapitisha sheria yoyote ya kufunga kliniki ndogo, lakini umezifunga. Hata kule Marekani, kwenye pesa zote zile, mambo yameenda hivyo. Chama cha madaktari cha huko, AMA, chasema mwaka 2012 madaktari walio kwenye vituo binafsi vya madaktari wenyewe walikuwa asilimia 60.1. Mwaka 2024 walikuwa 42.2. Na sababu wanazotaja wanaouza ni zile zile: kupatana bei na bima, na gharama za kufuata masharti.

30/ Sasa turudi kwa wale watatu wa namba 1. Yule wa "wapigwe marufuku" hupenda kutaja Kifungu cha 77 cha Katiba. Kisome vizuri. Kinamkataza afisa wa dola wa kudumu kuwa na kazi nyengine ya malipo. Daktari wa hospitali ya umma ni afisa wa umma. Hayumo kwenye orodha ya maafisa wa dola ya Kifungu cha 260. Kinachomhusu ni mgongano wa maslahi, na tangu 2025 kuna sheria mahsusi ya jambo hilo. Ukitaka marufuku, sema wazi kwamba wataka sheria mpya na mishahara mipya. Nusu ya hoja si hoja.

31/ Yule wa "waacheni watafute" naye ajibu hili: mgonjwa wa Likoni anayepewa rufaa usiku bado avuka feri au azunguka Dongo Kundu kufika Makadara. Akifika akakuta bingwa yuko kwenye kazi yake nyengine, uhuru wa daktari umelipwa na nani? Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, na kinasema asinyimwe matibabu ya dharura. Haki hiyo haina saa za kliniki.

32/ Na yule wa "makampuni yametumeza" nampa nusu ya haki yake. Yametumeza, ndio, lakini mlango ulifunguliwa na sisi: bima iliyolipa vitanda tu, mshahara uliokubaliwa bila kulipwa, madeni yasiyolipwa, na wagombea tuliowauliza kuhusu jengo la hospitali bila kuuliza nani atakaa ndani.

33/ Kuelekea 2027, mwanasiasa akija Kisauni, Changamwe au Likoni akaahidi hospitali, muulize haya:
– Kliniki ndogo iliyotuma bili halali italipwa ndani ya siku ngapi, na ikichelewa nani anawajibika?
– Daktari wa kaunti akiruhusiwa kazi ya pembeni, saa zake za umma zitaonyeshwa wapi ili mgonjwa azione?
– Wanagenzi wakimaliza, nafasi za kudumu ni ngapi kwenye bajeti?
– Je, utakubali sheria ya kukataza shabaha za kulaza wagonjwa?
– Makadara iko chini ya kaunti moja na yahudumia Pwani nzima. Wengine watachangia vipi?

34/ Msimamo wangu, msije mkasema nimejificha nyuma ya historia: sitaki marufuku, na sitaki tuwaachie wawekezaji. Nataka mlipaji wa umma alipe kwa wakati, alipe matibabu ya nje vizuri kama anavyolipa kitanda, na aanze na wadogo. Likifanyika hilo, daktari atakayechagua kundi atakuwa amechagua kweli, na atakayebaki mtaani pia. Leo wengi hawachagui, wanasukumwa.

35/ Mwisho wa uzi. Kama wewe ni daktari, tabibu au muuguzi wa ng'ambo na una jambo la kuongeza, andika chini, hasa kuhusu malipo yanachukua muda gani kweli kweli. Usitaje jina la kituo. Kama una tusi, peleka kwengine. Uzi ujao: nani anamiliki ardhi tunayojenga juu yake? Hapo najua mtakuja wote.